Namna ya Kufaidi Rimiksi za Video na Kurasa za Fasihi Mtandaoni

Sisi tuliokulia Mwanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 hatukusubiri intaneti itufikie ndipo tuonje rimiksi ya video. Kilichotakiwa kilikuwa sarafu ya kiingilio, benchi lisilo na egemeo na kibanda umiza chenye televisheni moja, ambamo filamu ya Hong Kong au ya India ilionyeshwa huku sauti ya mfasiri wa Kiswahili ikiwa imerekodiwa juu ya sauti za waigizaji. Mfasiri huyo hakuishia kutafsiri. Katika kibanda nilichokuwa nikienda, upande wa Mabatini, niliwahi kumsikia bwana wa kung fu akielezwa kuwa anatoka Igoma kwenda Kirumba kudai deni la dagaa, na kibanda kizima kikaangua kicheko, kwa kuwa kila mmoja wetu alijua kwamba hakuna dagaa wala Kirumba katika filamu ile. Jina la mfasiri Lufufu, yaani marehemu Derek Mukandala, lilitajwa kwa heshima kuliko majina ya waigizaji wenyewe.

Naanza na kibanda kwa sababu somo lote la mwongozo huu lilikuwa mle ndani. Raha ya rimiksi haimo katika picha ya awali peke yake, wala haimo katika kilichoongezwa peke yake. Imo katika pengo lililopo kati ya viwili hivyo, na mtazamaji asiyeliona pengo hilo hucheka kwa sababu wenzake wamecheka. Kurasa za fasihi mtandaoni nazo ziko hivyo hivyo: mtu amesoma kitabu, akaongeza neno lake juu yake, na wewe unayesoma neno hilo bila kukijua kitabu umepewa nusu ya chakula. Ndiyo maana ninayaweka mambo haya mawili katika mwongozo mmoja, ingawa watu wengi huyaona kuwa ni mambo ya watu wa aina mbili tofauti.

Maandalizi ya bando na masikio

Jambo la kwanza ni la fedha. Kwa makadirio ya kawaida, saa moja ya video yenye ubora wa 480 hula takriban nusu GB, na ubora wa 1080 huweza kula mara tatu ya hapo, ilhali makala ndefu ya fasihi isiyo na picha nyingi haigusi hata MB chache. Kwa hiyo anayenunua bando la wiki ajue kwamba ni video ndizo zitakazolimaliza, na apange kwa mujibu wa hilo. Ubora wa 360 unatosha kwa kioo cha simu. Sishauri kushuka hadi 144, kwa sababu kwa ubora huo midomo ya wasemaji haionekani vizuri, na katika rimiksi midomo ndiyo shahidi wako mkubwa, kama nitakavyoeleza mbele.

Zima pia kitufe kinachoruhusu video inayofuata kuanza yenyewe. Nilijifunza hili kwa uchungu nilipokuwa nimepanga chumba Nyegezi: nilipitiwa na usingizi saa tano usiku nikitazama video ya dakika nne, na nilipoamka alfajiri simu ilikuwa ya moto kama pasi, bando la wiki nzima limeisha, na kwenye kioo kulikuwa na mtu akifundisha kwa lugha nisiyoijua namna ya kupaka rangi ukuta.

Baada ya bando, tafuta spika za masikioni, hata zile za bei ya chini kabisa. Rimiksi nzuri hutengenezwa kwa sauti kwanza na picha hufuata. Ukiitazama kwa spika ndogo ya simu, bodaboda zikipita na muziki wa duka la jirani ukiunguruma, utakuwa umeona vipande vya picha vikirukaruka bila sababu.

Unachotazama ni kitu gani hasa

Neno rimiksi hubeba mambo mengi, na si yote yanayotazamwa kwa jicho moja. Ipo rimiksi ya wimbo, ambamo mapigo yamebadilishwa au msanii mwingine ameongeza ubeti. Upo unganisho la nyimbo mbili, ambamo sauti ya mwimbaji wa wimbo mmoja hukalishwa juu ya ala za wimbo mwingine. Ipo hotuba au mahojiano yaliyokatwakatwa na kupangwa upya hadi msemaji akaonekana anaimba. Ipo trela bandia, ambayo huchukua filamu ya vichekesho na kuikata ionekane ya kutisha. Na upo utiaji wa sauti juu ya picha, ambao ndio wa kibanda umiza kwetu, wa DJ Afro kule Kenya, na wa wale wanaoitwa VJ kule Uganda. Ng'ambo ya ziwa, mtaani Wakaliga jijini Kampala, Nabwana I.G.G. alitengeneza filamu ya mapigano, Who Killed Captain Alex?, iliyotoka mwaka 2010, na toleo lililosambaa duniani lina sauti ya VJ Emmie akitania, akiwashangilia wahusika na kuisifu filamu yenyewe katikati ya risasi. Huo ni utani wa kibanda, ila safari hii umefungwa ndani ya filamu na kupelekwa kwa watazamaji ambao hawajawahi kukanyaga kibanda.

Msomaji wa mashairi asione mambo haya ni mageni kwake. Katika ushairi wa Kiswahili tuna takhmisa, ambayo mtunzi huchukua mishororo miwili ya mtunzi aliyemtangulia na kuongeza mitatu ya kwake ili ubeti uwe na mishororo mitano, akilazimika kufuata vina vya yule wa kwanza. Takhmisa ya Liyongo, ambayo hunasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule wa Al-Inkishafi, ni kazi ya namna hiyo: maneno ya kale yanayohusishwa na Fumo Liyongo yamo ndani, na maneno ya mtunzi wa baadaye yamejengwa kuyazunguka. Anayesoma takhmisa husoma washairi wawili kwa wakati mmoja na hupima kama yule wa pili ameweza kumfikia yule wa kwanza. Tazama rimiksi ya video kwa kipimo hicho hicho, nawe hutadanganywa kirahisi na mbwembwe za rangi na mwendo.

Singeli inafaa kuwa mfano wa pili. Muziki huu wa uswahilini Dar es Salaam ulianza kwa watu kuchukua vipande vya ala za taarabu, kuviharakisha na kuvizungusha, mpaka mapigo yakazidi 200 kwa dakika. Kijana anayeucheza leo kwenye sherehe kule Buzuruga huenda hajui kwamba anacheza kinanda cha bibi yake kilichotiwa mbio. Akijua, atausikia vingine.

Tazama mara tatu

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo ninapoomba subira yako. Rimiksi inayostahili muda wako itazame mara tatu, si kwa mfululizo wa haraka haraka, bali kila mara kwa nia tofauti.

Mara ya kwanza usichunguze chochote. Iache ikuchekeshe, ikutetemeshe au ikuchoshe, na ikikuchosha kabla ya nusu, achana nayo, maana hakuna sheria inayokulazimisha kumaliza. Kumbuka tu ni sekunde ipi iliyokushtua. Ukiwa na daftari, iandike.

Kati ya mara ya kwanza na ya pili, tafuta chimbuko. Watengenezaji waungwana huweka orodha ya vyanzo katika maelezo yaliyo chini ya video, na hapo ndipo pa kuanzia. Pasipo na orodha, piga picha ya kioo mahali penye sura au mandhari ya wazi, kisha uitafute kwa Google Lens. Kwa wimbo, programu ya Shazam hutambua mara nyingi hata pale mwendo ulipobadilishwa kidogo, ingawa ukibadilishwa sana hushindwa. Ukipata chimbuko, litazame au lisikilize lote. Najua wengi huruka hatua hii, na kwa maoni yangu wanaoiruka ndio wanaolalamika kwamba rimiksi ni kelele.

Mfano mzuri wa kujifunzia ni kazi ya Kutiman, mwanamuziki wa Israel, aliyotoa mwaka 2009 kwa jina la ThruYOU. Alichukua kutoka YouTube video za watu wasiojuana, huyu akifundisha gitaa, yule akijaribu ngoma chumbani kwake, mwingine akiimba mbele ya kamera mbovu, akazikata na kuzipanga hadi zikawa bendi moja inayopiga wimbo mmoja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akijua kwamba anapiga na wenzake. Ukitazama kazi hiyo bila kurudi kwenye video za mwanzo, utasikia wimbo mzuri, basi. Ukirudi, utamwona mtu akirekebisha kiti, akikosea nota na kuomba radhi, na utashangaa jinsi kipande kile cha sekunde mbili kilivyookotwa na kupata makao.

Mara ya pili tazama ukiwa na chimbuko kichwani, na utazame viungo. Kila mkato una sababu yake: ama unafuata pigo la ngoma, ama unaficha neno lililoondolewa, ama unakuletea uso wa mtu ili ukubali kwamba anajibu jambo ambalo hakuulizwa. Hili la mwisho lina historia ndefu kuliko intaneti. Karibu na mwaka 1920, Lev Kuleshov, mwongozaji filamu wa Urusi, aliunganisha uso ule ule wa mwigizaji, usioonyesha hisia yoyote, na picha za vitu mbalimbali, kama vile sahani ya supu na maiti ndani ya jeneza, na watazamaji wakasadiki kwamba mwigizaji ameonyesha njaa mahali pamoja na huzuni mahali pengine. Uso haukubadilika, jirani yake ndiye aliyebadilika. Rimiksi nyingi za kuchekesha unazoziona leo, ambazo kiongozi au mtangazaji wa mpira huonekana akishangaa jambo fulani, zimesimama juu ya hila hiyo ya zaidi ya miaka mia moja.

Ukiwa na kompyuta, hata ya kuazima, unaweza kuona viungo hivyo waziwazi: simamisha video ya YouTube, kisha bonyeza kitufe cha nukta (.) ili kusogeza picha moja mbele, na kitufe cha alama ya mkato (,) ili kurudi picha moja nyuma. Kwenye simu, punguza mwendo hadi nusu. Angalia midomo. Kama neno linasikika na midomo imefungwa, umepata mshono. Angalia pia kivuli, saa ukutani na kola ya shati, kwa kuwa mtu hawezi kubadilisha shati katikati ya sentensi.

Mara ya tatu funga macho usikilize tu, au ondoa sauti utazame tu. Ikiwa rimiksi ni nzuri, kila upande utakuwa na mdundo wake hata bila mwenziwe. Niliwahi kufanya hivi kwa video fupi iliyochanganya ngoma ya bugobogobo, wale wachezaji wa Kisukuma wanaorusha majembe, na mapigo ya muziki wa kompyuta. Kwa sauti peke yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Nilipoondoa sauti, nikaona kwamba mtengenezaji alikuwa amekata kila jembe linaposhuka lishuke juu ya pigo, lakini jembe lenyewe hurushwa, huzunguka hewani na kudakwa, na mrusho huo ndio wenye ustadi. Yeye alikuwa ameutupa wote. Aliyewahi kukaa Bujora wakati wa Bulabo, sherehe za ngoma za Wasukuma za mwezi Juni, asingekubali kuukata mrusho. Hukumu hiyo nisingeweza kuitoa kama ningeishia kutazama mara moja.

Kuna tahadhari moja inayotokana na haya yote. Ustadi ule ule unaogeuza hotuba kuwa wimbo unaweza kugeuza hotuba kuwa uongo. Tofauti ni kwamba rimiksi hutaka uone mshono, au angalau haikasiriki ukiuona, na uongo hutaka usiuone. Video ikikufikia kwenye kundi la WhatsApp bila jina la mtengenezaji, bila tarehe, na ikiwa na sentensi moja tu ya kuudhi, itafutie hotuba nzima kabla ya kuisambaza.

Haki ya mwenye kazi

Hapa sitakaa sana. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na msimamizi wake ni COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki. Kutazama rimiksi hakukuingizi matatani. Kutengeneza na kuuza ni habari nyingine, na anayetaka kuanza aanze na kazi zilizotolewa kwa leseni za Creative Commons, ambazo zilianza kutumika mwaka 2002 na humwambia mtumiaji waziwazi kama anaruhusiwa kubadilisha kazi, kuiuza, au kuitumia kwa sharti la kumtaja mwenyewe. Kwa mtazamaji, la kujua ni kwamba YouTube ina mfumo wa kutambua kazi zenye wenyewe, uitwao Content ID, uliokuwapo tangu mwaka 2007, na kwa sababu yake rimiksi uliyoipenda jana inaweza isiwepo kesho. Kwa hiyo andika jina la video, jina la mtengenezaji na tarehe. Mtengenezaji mwenye jina hupatikana tena mahali pengine. Kiungo kilichokufa hakikusaidii kitu.

Kufuatilia waandishi wa fasihi

Watu wanaponiuliza wafuate blogu ipi ya fasihi, huwajibu kwa swali: umesoma kitabu gani ukakipenda au kikakuudhi? Anza na hicho. Mtu wa Mwanza ana bahati ya kuwa na pa kuanzia karibu sana, kwani Kisiwa cha Ukerewe, kinachofikiwa kwa meli kutoka jijini, kimetoa waandishi ambao popote fasihi ya Kiswahili inapojadiliwa lazima watajwe. Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, aliandika Rosa Mistika mwaka 1971, na diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 ilichochea ubishi mkali, kwa kuwa mashairi yake yaliacha vina na mizani. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake ndefu ya Myombekere na Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja tu kabla ya kifo chake. Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenzake, aliitafsiri kwa Kiingereza, na tafsiri hiyo ikatoka mwaka 2002.

Chukua, kwa mfano, ubishi wa Kichomi. Ukiuandika katika kitafutio pamoja na maneno "ushairi huru", "wanamapokeo" (watetezi wa vina na mizani) na "arudhi" (kanuni za utunzi wa mashairi), utakutana na waandishi wa kila namna: mwalimu anayewaandalia wanafunzi majibu ya mtihani, mshairi wa vina anayekasirika mpaka leo, kijana anayetunga mashairi yasiyo na vina kwa sababu ni rahisi na kijana mwingine anayetunga hayo hayo kwa sababu ni magumu. Soma watatu au wanne, kisha jiulize ni nani amenukuu beti zenyewe. Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza na ninakiamini kuliko idadi ya wafuasi. Anayelaumu au kusifu shairi bila kukuonyesha hata mshororo mmoja anataka umwamini yeye badala ya shairi. Kipimo cha pili ni kama anawajua waliotangulia. Anayezungumzia sheria za vina bila kumtaja Amri Abedi, ambaye kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi kilitoka mwaka 1954, huenda anarudia alichosikia kijiweni. Kipimo cha tatu ni kama amewahi kubadili maoni yake hadharani. Wa namna hiyo ni wachache, na ukimpata mmoja usimwache.

Ukishawapata watano au sita, usitegemee mitandao ya kijamii ikuletee kazi zao, maana mitandao hiyo huleta kinachoifaa yenyewe. Tumia mlisho wa RSS, unaoleta makala mpya za blogu moja kwa moja kwenye programu ya kusomea, teknolojia iliyoanza mwaka 1999 ambayo wengi waliizika Google ilipofunga kisomeo chake mwaka 2013, ingawa haikufa. Pakua programu ya kusomea milisho, kama Feedly, halafu ipe anwani ya blogu. Isipoitambua, ongeza "/feed" mwishoni mwa anwani kama blogu ni ya WordPress, au "/feeds/posts/default" kama ni ya Blogspot, na mara nyingi mlango utafunguka. Kuanzia hapo makala mpya zitakungoja mahali pamoja, kwa mpangilio wa tarehe, bila matangazo ya viatu katikati.

Watano au sita wanatosha. Niliwahi kufuata arobaini, nikawa najua vichwa vya makala zote na sijui kilichoandikwa ndani ya hata moja. Changanya pia lugha na zama: mmoja anayehakiki riwaya mpya za Kiswahili na kufuatilia tuzo kama ile ya Safal-Cornell, iliyoanza kutolewa mwaka 2015 kwa jina la Mabati-Cornell; mmoja anayeandika juu ya tafsiri, ambaye atakueleza kilichotokea riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah ilipokuwa Peponi kwa mkono wa Ida Hadjivayanis mwaka 2022; mmoja mtunzi wa mashairi; na mmoja ambaye hukubaliani naye karibu kila mara.

Utakuta pia blogu nyingi nzuri za Kiswahili zilizonyamaza ghafla. Baadhi ya wenyewe walichoka, wengine walihamia Facebook, na wapo walioacha baada ya Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 kuwataka wanaoendesha blogu kujisajili na kulipia leseni. Ukurasa ukiwa umefutwa kabisa, nakili anwani yake uipeleke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, katika web.archive.org, ambako huenda nakala ya zamani imehifadhiwa. Nimeokoa kwa njia hiyo makala kadhaa za uhakiki ambazo hata waandishi wake hawakuwa nazo tena.

Neno moja la ukali: kufuatilia kurasa za fasihi hakuna maana ya kukusanya riwaya zilizopigwa skani na kuzungushwa kwenye makundi ya simu. Mwandishi wa Kiswahili huuza nakala chache, na kila faili lile linamwondolea msomaji aliyekuwa tayari kununua. Ukiwa huna fedha, Maktaba ya Mkoa ipo hapa hapa jijini, na wachuuzi wa vitabu vilivyotumika nao wapo; mimi kitabu cha Kezilahabi cha Nagona nilikipata kwa mchuuzi, jalada limechanika, na pembezoni mna maswali ya mwanafunzi ambaye ni dhahiri hakukielewa, kama ambavyo nami sikukielewa mara ya kwanza.

Kuyafanya yote kwa pamoja

Daftari langu lina kurasa mbili zinazotazamana. Kulia naandika rimiksi: jina, chimbuko, sekunde iliyonishtua, kilichotupwa. Kushoto naandika makala ya fasihi: jina la mwandishi, kitabu anachokizungumzia, nukuu aliyoichagua, na nukuu ambayo mimi ningeichagua badala yake. Safu ya "kilichotupwa" ndiyo inayonifundisha zaidi, kwa sababu mhakiki naye hukata: anayesimulia Rosa Mistika kama kisa cha binti aliyepotoka tu, akamwacha nje baba yake Zakaria, amefanya kama yule aliyeutupa mrusho wa jembe.

Siku ya kujaribu haya bila bughudha ni siku ya safari. Nikienda Nansio, kule Ukerewe, jioni ya kuamkia safari huhifadhi kwenye simu makala tatu, kwa kubonyeza alama ya kupakua iliyomo katika menyu ya kivinjari, pamoja na rimiksi moja ikiwa programu inaruhusu kuitazama bila mtandao, na kitabu chenyewe hukitia mfukoni. Meli ikishaliacha jiji na mawe yake nyuma, mtandao hukatikakatika, na hapo hapana ujumbe wa kukukatiza usomaji.

Katika safari moja ya namna hiyo nilisoma makala nzuri iliyosema kwamba Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kiswahili. Tulipotia nanga nikamwandikia mwandishi ujumbe mfupi, nikimsalimu, nikimshukuru kwa nukuu alizozichagua, kisha nikimweleza habari ya Kikerewe na mwaka 1945. Alinijibu siku ya tatu, akairekebisha sentensi, na akaniuliza kama nilikuwa namfahamu mtu yeyote kisiwani anayeweza kumsomea kwa sauti kurasa chache za Kikerewe, ili aisikie riwaya hiyo kabla haijawa Kiswahili.